Sadaka ya Tajiri na Ufunguo wa Kisima

Mwaka 2011 Sulaiman Al Rajhi, mfanyabiashara wa Saudi Arabia aliyeanza maisha kwa vibarua vya kubeba mizigo na baadaye, pamoja na ndugu zake, akajenga benki inayobeba jina la ukoo wao, alifanya jambo ambalo matajiri wengi huwaachia warithi na mawakili walifanye baada ya mazishi. Aligawa mali yake akiwa hai. Fungu moja aliwapa watoto wake, fungu la pili akaliweka wakfu, na yeye mwenyewe akabaki bila umiliki wa utajiri uliokuwa umemweka katika orodha ya mabilionea wa dunia. Ndani ya fungu la wakfu limo shamba la mitende huko Qassim, lenye mitende ipatayo 200,000, ambalo mapato yake huenda kwenye kazi za kheri. Mwaka 2012 alipewa Tuzo ya Mfalme Faisal kwa utumishi wake kwa Uislamu.

Habari za namna hiyo zinaposimuliwa huku Kusini mwa Tanzania, barazani baada ya swala ya alasiri au chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji, swali la kwanza huwa ni kiasi: katoa shilingi ngapi, kajenga misikiti mingapi, kachimba visima vingapi. Ni swali la haki, lakini halitufikishi mbali. Kwa sisi tunaopokea, jambo zito katika uamuzi wa Al Rajhi ni kwamba aliitoa mali pamoja na mamlaka juu ya mali hiyo. Wafadhili wengi wanaokuja Lindi na Mtwara kwa jina la imani, malezi au maadili mema hutoa cha kwanza na kubaki na cha pili, na sisi huwashukuru kana kwamba vyote viwili vimeshatoka mikononi mwao.

Msimu wa sadaka kwetu hufuata msimu wa korosho. Minada huanza Oktoba, na ikifika Desemba na Januari fedha zimeshazunguka. Ndipo malori ya saruji na mabati yanapoonekana yakikata kona kuingia vijijini, ndipo viroba vya sembe na mchele vinapopangwa mbele ya kamera, na ndipo mawe ya msingi yanapowekwa ya msikiti hapa, kigango pale, madrasa au bweni la wasichana kule. Sina haja ya kubeza. Yako madarasa mengi mikoani humu ambayo yasingekuwapo kama yangesubiri bajeti ya halmashauri, na mtoto anayekaa kwenye dawati hana muda wa kuuliza nia ya aliyelinunua. Mwenye jukumu la kuuliza ni mtu mzima anayesaini kupokea.

Katika kijiji kimoja kandokando ya barabara ya Lindi kwenda Masasi ipo madrasa ambayo kwa nje ingependeza kuwekwa kwenye kalenda. Kuta zimepigwa rangi ya kijani, mlango ni wa mninga, na juu yake kuna kibao cha marumaru chenye jina la mfadhili, jina la marehemu baba yake na jina la kampuni, vyote kwa herufi za dhahabu. Ukiingia ndani unakuta mkeka uliofumuka pembe, juzuu chache zilizoshonwa kwa uzi wa nailoni, na watoto wanaosomeshana wao kwa wao kwa sababu ustadhi yuko barabarani anaendesha bodaboda. Hakuna aliyefanya uovu hapo. Mfadhili alitoa alichoahidi, yaani jengo. Posho ya mwalimu ilizungumzwa kwa mdomo siku ya ufunguzi, ikalipwa miezi ya mwanzo, kisha ikakatika kimyakimya kama vinavyokatika vitu vyote ambavyo havikuandikwa. Lengo lilikuwa kulea maadili ya watoto, na kinachotunzwa hadi leo ni marumaru.

Mfano mwingine ni wa maji, nao unahitaji maelezo kidogo kwa msomaji asiyeijua Nyanda ya Juu ya Makonde. Newala na Tandahimba ziko juu, udongo wake unanyonya mvua upesi, na maji ya ardhini yako chini mno kiasi kwamba pampu ya mkono, ile inayopigwa picha sana kwenye vipeperushi vya misaada, haina kazi sehemu kubwa ya nyanda hiyo. Tangu enzi za ukoloni suluhisho kubwa limekuwa mradi wa maji wa Makonde, unaosukuma maji kutoka bondeni, na suluhisho la kila nyumba limekuwa kisima cha kuhifadhi maji ya mvua: paa la bati, gata inayoshusha maji, shimo lililosakafiwa kwa saruji uani, na kifuniko cha chuma chenye kufuli. Kufuli hilo si uchoyo. Maji ya Aprili ndiyo yatakayopikiwa Septemba, na mwenye nyumba hupima ndoo kwa ndoo.

Mfadhili anayeelewa hali hiyo huchimba kisima kikubwa cha jamii ubavuni mwa msikiti au shule, akatega paa lote la jengo, na hapo anakuwa amefanya kazi ya maana kuliko pampu kumi. Swali linalobaki ni dogo na ndilo gumu kuliko yote: ufunguo anakaa nao nani? Mara nyingi anakabidhiwa ndugu wa mfadhili anayeishi pale kijijini, kwa hoja kwamba huyo ndiye anayeaminika. Mwaka wa kwanza mambo huenda vizuri. Kisha huyo ndugu anagombana na imamu kuhusu jambo jingine kabisa, au uchaguzi unakuja na mfadhili ana mgombea wake, na ghafla kuna watu wanaochota asubuhi na watu wanaoambiwa maji yamepungua. Sadaka imegeuka kuwa rungu, na aliye mbali, ofisini kwake Kariakoo, huenda hata hajui.

Wazee wa pwani walikuwa na dawa ya ugonjwa huu, nayo ndiyo wakfu. Msingi wake ni kisa mashuhuri cha Umar bin Khattab, ambaye alipata ardhi nzuri huko Khaybar, akamwendea Mtume kumuuliza aifanyeje, akaelekezwa aizuie asili yake na atoe sadaka mazao yake. Tangu hapo masharti yakawa wazi: kilichowekwa wakfu hakiuzwi, hakirithiwi na hakitolewi zawadi, msimamizi anaruhusiwa kula humo kwa kadiri ya wema, bila kujilimbikizia. Pwani yote ya Waswahili, watu waliweka wakfu minazi, nyumba na visima ili misikiti na madrasa zipate mafuta ya taa, maji ya kutawadhia na riziki ya mwalimu. Anayeweka wakfu hujivua umiliki palepale. Akitaka kuuza kesho, hana cha kuuza. Akifa, watoto wake hawana cha kugombea.

Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Hali halisi ni kwamba viwanja vingi vilivyotolewa kwa neno la mdomo mbele ya mashahidi watatu, ambao wote sasa ni marehemu, vimerudi mikononi mwa warithi, na wapo mamutawali, yaani wasimamizi wa wakfu, waliokula humo kwa kadiri ya tumbo. Wakfu bila hati ni ahadi tu. Ndiyo maana nashangaa kwamba kamati zetu, za misikiti na za makanisa, hupokea jengo zima bila kuuliza limeandikishwa kwa jina la nani. Sheria ya nchi inatoa njia: taasisi inaweza kusajili bodi ya wadhamini chini ya Sura ya 318 ya Sheria za Tanzania, kupitia Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, na bodi hiyo ikamiliki ardhi kwa jina lake, ikashtaki na kushtakiwa, na ikaendelea kuwapo hata wadhamini wenyewe wakibadilika. Mfadhili anayekataa kuhamishia kiwanja kwa wadhamini baada ya kujenga ametupangisha bure kwa muda anaoupenda yeye. Pengine ana sababu zake. Lakini basi asiitwe aliyetoa.

Kuna swali jingine linalotangulia hili la ufunguo, na kwa korosho zetu haliwezi kukwepwa: fedha yenyewe imetoka wapi? Kila mkulima wa Kusini anaijua kangomba. Miezi ya njaa, akiba ya chakula imekwisha na mtoto anadaiwa mchango shuleni, mnunuzi hupita nyumba kwa nyumba akinunua korosho ambazo bado ni maua, kwa bei ya kumtupa mtu, ili msimu ukifika yeye ndiye azipeleke ghalani na kupokea bei ya mnada. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza mwaka 2007 ulikusudiwa kumpa mkulima nguvu ya bei, na mwaka 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kupeleka jeshi kuzisomba, uhakiki mkali wa wenye mzigo mkubwa ulifanyika kwa sababu hiyohiyo ya kutafuta kangomba. Bado ipo. Na baadhi ya fedha zake, sote tunajua, hurudi vijijini mwezi wa Ramadhani au wakati wa Krismasi kwa sura ya viroba vya unga.

Tuseme mzee ameuza kwa kangomba gunia mbili mwezi Mei, na mwezi Desemba anapanga foleni kupokea kilo tano za sembe kutoka kwa mtu yuleyule. Mpokeaji anashukuru, mtoaji anaombewa dua, na hesabu ya gunia mbili haimo katika dua hiyo. Dini zetu zote mbili kubwa hazina utata juu ya jambo hili. Sadaka husafishwa na chumo lake, na aliyedhulumu hutakiwa kwanza kumrudishia aliyemdhulumu kabla ya kuijengea nyumba ya ibada. Najua wapo masheikh na mapadri wanaolisema hili waziwazi mimbarini. Najua pia kwamba ni vigumu kulisema wiki ambayo paa limeezekwa.

Hili halikuanzia kwetu. Andrew Carnegie, tajiri wa chuma wa Marekani, aliandika mwaka 1889 kwamba mwenye mali ni mdhamini tu wa mali hiyo na kwamba anapaswa kuitumia kwa manufaa ya watu kabla hajafa. Mwaka 1892, katika kiwanda chake cha Homestead, mgogoro wa mishahara ulimalizika kwa mapambano yaliyoua watu na kwa chama cha wafanyakazi kuvunjwa. Yeye ndiye aliyegharimia ujenzi wa maktaba zaidi ya 2,500 katika nchi mbalimbali. Mtu anayefanya kazi ya tanuri saa 12 kwa siku angesoma vitabu hivyo saa ngapi? Hata hivyo Carnegie alikuwa na sharti moja ambalo wafadhili wetu wangefaa kuliiga: mji ulioomba maktaba ulitakiwa kutoa kiwanja na kujifunga kutenga kila mwaka kiasi cha asilimia 10 ya gharama ya jengo kwa ajili ya kuliendesha. Usipojifunga, hupati. Lilikuwa sharti kali, na ndilo lililofanya maktaba nyingi zidumu kama maktaba, zisiishie kuwa maghala.

Katika sadaka za aina hii, zinazolenga imani na maadili kuliko barabara na umeme, ipo mamlaka ya tatu, baada ya ile ya ufunguo na ile ya hati, ambayo tajiri huishika bila hata kujua, nayo ni ya kuamua maadili ni yapi. Suala la unyago na jando linaonyesha hili vizuri. Kila baada ya muda huja mradi wenye fedha nzuri wa kuokoa wasichana wa Kusini. Hufanyika kongamano kwenye ukumbi wa hoteli, hugawiwa fulana, hutolewa maazimio. Hofu yenyewe ni ya kweli. Binti anayetolewa shuleni kwenda kuchezwa akiwa na miaka tisa, kisha akarudi kijijini na kutazamwa kama mtu mzima, yuko hatarini, na halmashauri zimefanya sawa kusisitiza sherehe hizo zisiingilie masomo. Ila katika makongamano hayo kungwi hakaribishwi, au akikaribishwa hukalishwa kama mtuhumiwa. Yeye ndiye mwenye darasa. Akifungiwa mlango wa ukumbini, atafundisha porini anachokijua, kwa umri ule anaoujua.

Wamisionari wa Masasi walilielewa hili karibu miaka mia moja iliyopita. Misheni ya Kianglikana ya UMCA, iliyofika Masasi mwaka 1876 ikiwa na watumwa waliokombolewa, iliendeshwa kwa michango ya waumini wa Uingereza, na ingekuwa rahisi kwa michango hiyo kutumika kupiga marufuku jando moja kwa moja. Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi mwaka 1926, alichagua njia nyingine. Alikaa na wazee, akatenganisha yale aliyoona yanapingana na imani na yale yasiyopingana, na akaweka jando la Kikristo ambalo vijana walilipitia wakiwa bado ni watoto wa kwao. Kuna mengi ya kubishana juu ya alichofanya. Alikuwa mtu wa enzi za ukoloni, na yeye ndiye aliyeshika kalamu ya mwisho. Lakini fedha ya Uingereza ilipita kwanza kwenye baraza la wazee wa Masasi kabla ya kuwa sera, na hilo ni zaidi ya tunachokipata katika makongamano mengi ya leo.

Tusichanganye pia sadaka na haki. Mwaka 2013, watu wa Mtwara walipoandamana wakisema gesi haitoki kwenda Dar es Salaam kwa bomba, hawakuwa wakiomba msaada wa mtu yeyote. Walikuwa wakidai fungu lao katika mali iliyotoka Mnazi Bay, na madai hayo yaligharimu maisha. Kiwanda cha saruji cha Dangote kilipozinduliwa Msijute mwaka 2015, kikiwa na uwezo wa kuzalisha tani milioni 3 kwa mwaka, kilileta mkoani jina la mtu ambaye mwaka uliotangulia alikuwa ametangaza kuutengea mfuko wake wa hisani dola bilioni 1.25. Mfuko huo ni hisani yake binafsi. Ushuru wa huduma ambao kampuni kubwa hulipa kwa halmashauri, uliokuwa kwa miaka mingi asilimia 0.3 ya mapato ghafi, ni sheria. Wajibu wa kampuni za gesi na za madini kupanga michango yao kwa jamii pamoja na halmashauri nao ni sheria. Mkurugenzi wa kampuni yoyote anapokata utepe wa zahanati iliyojengwa kwa fedha ya namna hiyo, na mgeni rasmi akamshukuru kwa moyo wake wa upendo, tumelipwa deni letu wenyewe na kisha tukamshukuru mdaiwa.

Na wakati mwingine mstari mmoja wa sheria hushinda hisani za matajiri wote wa mkoa. Asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje ilikuwa ikirudi kuendeleza zao lenyewe, ikiwemo kugharimia pembejeo kama salfa na miche, hadi mwaka 2018 sheria ilipobadilishwa na fedha zote kuelekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa Kusini walipinga bungeni kwa sauti kubwa na wakashindwa. Sijui mfadhili mmoja ambaye angeweza kuziba pengo hilo kwa viroba.

Watetezi wa matajiri watasema kwamba wapo waliojifunga hadharani. Ni kweli. Mohammed Dewji mwaka 2016 alijiunga na ahadi iliyoanzishwa mwaka 2010 na Bill Gates, Melinda Gates na Warren Buffett, akiahidi kutoa angalau nusu ya utajiri wake kwa kazi za hisani, na kwa Mtanzania hilo ni tamko zito. Ahadi yenyewe, kwa jinsi ilivyoundwa, inaufunga moyo wa aliyeitoa bila kumfunga kisheria, na haisemi lini wala kwa njia gani. Upande mwingine kabisa yupo Chuck Feeney, Mmarekani aliyechuma kwenye maduka ya viwanja vya ndege, ambaye kwa miaka mingi alitoa bila watu kumjua, akakataa jina lake kuwekwa kwenye majengo, akamaliza kutoa dola zipatazo bilioni 8, na mwaka 2020 akaufunga mfuko wake kwa sababu hakuna kilichobaki. Alifariki mwaka 2023 akiwa anaishi kwenye nyumba ya kupanga. Agizo la mkono wa kushoto kutojua kitolewacho na wa kulia sote tunalijua kwa kinywa, lakini bilionea anayelitekeleza ni adimu mno.

Kati ya mifano iliyo karibu nasi, ninaoupa uzito ni wa kazi za Aga Khan hapa Lindi na Mtwara. Marehemu Aga Khan wa Nne, aliyefariki Februari 2025, alikuwa tajiri na kiongozi wa dini kwa pamoja, na hakuficha kwamba taasisi zake zinaongozwa na maadili ya imani yake. Mpango wake wa maendeleo vijijini katika mikoa hii miwili ulishughulika na mpunga, ufuta na vikundi vya kuweka na kukopa, kwa wakulima ambao kwa sehemu kubwa hawakuwa wa madhehebu yake. Kinachonivutia ni mwendo wake: mabwana shamba waliokaa, vikundi vilivyotunza sanduku lao wenyewe, lenye kufuli zaidi ya moja na funguo kwa watu tofauti. Kabla ya hapo, mpango wa shule za awali za madrasa ulioanzia Mombasa miaka ya 1980, na baadaye kuenea Zanzibar na Uganda, uliweka umiliki wa shule mikononi mwa kamati za wanajamii. Zipo lawama za haki kwa taasisi kubwa za namna hii, mojawapo ikiwa kwamba mradi ukifika mwisho wake wataalamu huondoka na magari yao. Lakini sanduku hubaki.

Nimeambiwa mara nyingi kwamba maswali haya yatawafukuza wafadhili, waende Tanga au Singida kusikoulizwa. Sidhani. Mfanyabiashara wa kweli huulizwa maswali magumu kila siku na benki, na haachi kukopa. Mtoaji naye ana haki ya kudai risiti, kuona hesabu, na kuacha kutoa akiona fedha yake inaliwa. Kumtaka aachie ufunguo hakumaanishi afumbe macho. Atakayekimbia kwa sababu ameombwa hati ni yule ambaye kufuli lilikuwa sehemu ya mpango wake.

Kwa wale watakaobaki, na kwa kamati zitakazowapokea msimu huu ukiisha, nina pendekezo moja linalotokana na ardhi yetu wenyewe. Badala ya mifuko yote kuishia kwenye ukuta, sehemu ya sadaka inunue ekari mbili tatu za mikorosho na kuziweka wakfu kwa madrasa, kigango au shule. Kwa nafasi inayoshauriwa ya mita 12 kwa 12, ekari moja huchukua miti kama 28. Mche bora unaanza kuzaa ndani ya miaka michache na mti hudumu miongo kadhaa. Shamba liandikishwe kwa jina la wadhamini waliosajiliwa, wala lisiwe kwa jina la mfadhili wala la imamu. Korosho zake zipite AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, kama za mkulima mwingine yeyote, malipo yaingie kwenye akaunti ya taasisi, na kabla posho ya ustadhi haijatoka, itolewe kwanza gharama ya palizi na ya salfa ya kuzuia ubwiriunga, maana shamba lisilopuliziwa haliwezi kumlipa mtu. Hesabu isomwe mbele ya watu mara moja kwa mwaka, baada ya mnada wa mwisho. Mfadhili akitaka kuja kusikiliza, awekewe kiti, akae pamoja na wengine.